Mama Brayo na Seli Zake Mwenyewe

Vijana wa ofisini mliniomba, siku ile ya keki na soda, niwaandikie mambo machache ya kazi kabla sijayasahau. Huu ni mwezi wa tatu nimekaa nyumbani Buruburu, na sijasahau kitu. Vyeo vyangu mtavisoma kwenye faili kama mna muda wa kupoteza. Mimi nitawaandikia kuhusu lebo, kuhusu friji moja ya Kayole, na kuhusu jicho la rafiki yangu Rispah. Nikipaza sauti mahali mnisamehe, kwa sababu kilichostaafu ni mimi, hasira yangu bado iko kazini.

Nilianzia katika maabara ya zahanati ya halmashauri, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama choo. Tulikuwa na hadubini moja iliyokwaruzika kioo, na mashine ya kuzungushia damu ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ililia hadi wagonjwa waliokaa nje wakadhani tunasaga mahindi. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Gatheru, fundi wa maabara aliyefunga miwani yake kwa uzi. Hakunifundisha mashine siku ya kwanza. Alinifundisha kuuliza jina.

"Usimtajie mgonjwa jina lake," aliniambia. "Ukimuuliza, 'Wewe ndiye Wanjiku?' mtu mwenye homa atakujibu ndiyo hata kama anaitwa Otieno. Muulize, 'Unaitwa nani?' Akitaja majina yake yote, andika kwenye kichupa. Sindano ni baadaye."

Mimi nilijiona mwerevu. Wiki hiyohiyo nilitoa damu watu kumi na mmoja, nikaacha kuandika hadi mwisho, nikajaza majina kwa kukumbuka sura. Mzee akainua kichupa kimoja. "Hii ni ya nani?"

"Nadhani ni ya yule mama wa shuka jekundu."

"Hapa hatuna mgonjwa anayeitwa Nadhani," akasema, na akamwaga vyote kumi na moja kwenye sinki nikiangalia. Kisha akanituma nje kwenye benchi nikawaambie wenyewe kwamba nimechanganya damu zao na ninaomba nyingine. Mama mmoja alinitukana kwa Kikamba, lugha nisiyoijua, na namshukuru Mungu kwa hilo. Tangu siku hiyo sikuwahi kugusa mshipa wa mtu kabla ya kuandika jina lake.

Miaka ilienda, nikahamishiwa ukaguzi. Mnaijua fomu yetu ya kukagua maabara: kisanduku cha maji, cha friji, cha taka, cha leseni, cha lebo. Mnadhani kazi ni kujaza hiyo fomu, lakini kazi ni kupanda ngazi. Kila maabara ya Eastlands iko ghorofa ya tatu, na lifti haipo. Nimekuta mambo, jamani. Kiamaiko, nyuma ya machinjio, nilikuta mtu ameweka damu za wagonjwa na maini ya mbuzi katika friji moja. Nilipomkemea akashangaa sana. "Lakini Madam, nimetenganisha na gazeti!" Huyo nilimfungia maabara siku hiyohiyo na sikuhitaji ruhusa ya mtu, maana kosa lake lilikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Kesi iliyonishinda, au tuseme karibu inishinde, haikuwa na kisanduku. Ilianza pale kliniki moja ilipofunguliwa Kayole, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Bango lake liliandikwa: MWILI WAKO NDIO DAWA YAKO. Walisema wanatibu kwa seli shina, yaani zile seli changa ambazo zinaweza kukua na kuwa seli za aina nyingine. Walimnyonya mgonjwa mafuta ya tumboni, wakayaosha na kuyazungusha kwenye mashine, wakachukua kilichobaki chini na kumdunga nacho penye ugonjwa. Goti, mgongo, bega. Na macho.

Nieleweni vizuri. Sisemi seli shina ni uongo. Kuna wagonjwa wa saratani ya damu wanaorudishiwa seli za uboho wao wenyewe na kupona, na kazi hiyo ilijaribiwa miaka mingi, mbele ya kamati, na kila matokeo yakaandikwa, mazuri na mabaya. Lakini hakuna aliyenionyesha karatasi hata moja inayosema mafuta ya tumbo la mshonaji wa Kayole yakitiwa jichoni yanajua kwamba sasa ni jicho.

Rispah ndiye huyo mshonaji. Ni rafiki yangu wa kanisani, ametoka magharibi mwa nchi kama mimi, na anashona sare za shule chini ya gorofa anamoishi. Hakuna anayemwita Rispah. Ni Mama Brayo, kwa kifungua mimba wake Brian, ambaye mtaani ni Brayo, na mimi ni Mama Linda. Sukari ilikuwa imeanza kumla macho. La kushoto ndilo lililokuwa baya zaidi. La kulia ndilo alilotungia uzi kwenye sindano.

Jumapili moja, baada ya ibada, tukinywa chai nje ya kanisa, alinivuta kando.

"Mama Linda, wamenitoa mafuta hapa," akagusa tumbo, "wakatoa seli, wakanidunga nazo kwa jicho."

Chai ilinipalia. "Kwa jicho? Nani huyo amekudunga jicho?"

"Si ni yule daktari wa kliniki. Na ni seli zangu, si za mtu. Zitanidhuru aje na tumekaa nazo miaka yote hii?"

"Na unaona?"

"Kuna ukungu. Ukungu mwingi, kusema ukweli. Wamesema ni seli zinajenga. Hili lingine ni Ijumaa."

Sasa sikieni kilichonichoma. Saa moja kabla ya chai hiyo, Rispah alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, kipaza sauti mkononi, akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemtendea na jicho linaona. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikiwemo, mjinga wa mwisho. Kumbe kliniki iliwaomba wagonjwa wote wafanye hivyo Jumapili ya kwanza baada ya sindano. Si baada ya kupona. Baada ya sindano! Na mnajua ushuhuda wetu ulivyo. Ukishautoa, si wako tena. Ukirudi kusema haikuwa hivyo, watu hawasemi daktari alikudanganya, wanasema wewe umemdanganya Mungu. Yule daktari alilijua hilo vizuri, na aliwafunga mdomo wagonjwa wake kwa vinywa vyao wenyewe. Mpaka leo nikikumbuka nasikia damu ikinipanda.

Jumatatu nilianza kuzunguka. Ofisi ya dawa wakaniambia hii si dawa, haikutoka kiwandani, imetoka kwa mwili wake mwenyewe. Ofisi ya madaktari wakaniambia daktari ana leseni, je, kuna mgonjwa aliyelalamika? Hapana, mgonjwa ametoa ushuhuda. Basi, akilalamika aje. Nikarudi kwetu, mkubwa wangu akauliza, "Wanapima kitu pale?" Nikasema hawapimi, wanadunga. "Basi si maabara." Kila mlango uliniuliza swali zuri, kila mlango ukafungwa kwa adabu.

Nilitoka hapo nimevimba. Mbuzi wa Kiamaiko haingii jikoni mwa mtu kabla ya mkaguzi kumtazama maini na kumpiga muhuri. Mafuta ya Rispah yalitoka tumboni, yakaoshwa kwa kitu nisichokijua, katika chumba nisichokijua, yakaingia jichoni mwake, na katika serikali nzima hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kuyatazama. Mbuzi! Mbuzi ana mwenyewe serikalini, na mama huyu hana.

Alhamisi nilipanda ngazi zile. Daktari alikuwa daktari wa kweli, cheti kimetundikwa ukutani, na alinikaribisha kwa maji ya chupa. Nilikuwa nimetarajia tapeli, nikakutana na mtu mstaarabu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Madam, mbona mnahangaika?" akasema akicheka. "Kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Seli ni za mgonjwa. Zimetoka kwake, zinarudi kwake. Leseni ya nini hapo?"

"Kuku akiwa wangu bado nitauliza anachinjwa na nani, na hicho kisu kimeoshwa wapi," nikamwambia. "Umedunga macho mangapi?"

"Kadhaa."

"Na yanaendeleaje?"

"Tunafuatilia kwa simu. Data inakuja, bado tunakusanya."

"Ukikusanya, huo ni utafiti. Kamati gani iliupitisha?"

"Si utafiti, Madam. Ni matibabu."

"Matibabu yaliyothibitishwa wapi?"

"Ndiyo nakwambia, tunakusanya."

Mnaona mchezo? Ukimwita mtafiti, ni mtabibu. Ukimwita mtabibu, bado anatafiti. Na katikati ya hayo maneno yake mawili amelazwa mgonjwa ambaye hajaambiwa kwamba yeye ndiye wa kujaribiwa, na ambaye, kwa nyongeza, ndiye anayelipia jaribio lenyewe.

Nikaomba kuona friji. Akasema hakuna shida, akamwita muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye haraka na tabasamu la uoga. Ndani kulikuwa na vichupa vimesimama kwenye trei ya mayai. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu. Nikasoma: Shosh, yaani bibi yeyote mzee. Mzee wa Goti. Mama Brayo. Mama Brayo.

Nikasoma tena. Mama Brayo wawili.

"Dada, hiki ni cha nani?"

"Hicho ni cha Mama Brayo wa Umoja," akasema muuguzi. "Na hiki cha Mama Brayo wa hapa Kayole. Ama... ngoja. Huyu wa Umoja ni huyu wa kushoto. Nafikiri."

Nyinyi mliokulia huku mnajua ni Mama Brayo wangapi wako katika gorofa moja. Ukisimama kwenye ngazi ukaita jina hilo, milango minne itafunguka. Mtu yeyote wa Eastlands angewaita hivyo, ni heshima, ndivyo tunavyoitana. Lakini si kwenye kichupa!

"Kile kilichoingia jichoni mwa wa Kayole kilikuwa cha yupi?" nikauliza.

Muuguzi akamtazama daktari. Daktari akakunja uso kwa mara ya kwanza. "Zote zimetoka kwa wagonjwa wetu."

"Sikuuliza hivyo. Ulisema ni zake mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako yote, daktari, huna mengine. Ni zake au si zake?"

Akafunga mlango wa friji. Nami nikatoa fomu. Kumbe anayo mashine ya kuzungushia, anayo friji, anahifadhi vitu vya miili ya watu bila jina, na hiyo kwa fomu yetu ni maabara tosha. Kisanduku cha lebo kilitosha. Nilimpigia simu mkubwa wangu pale pale, akaguna, akakubali, nikafunga mlango kwa karatasi yetu ya muhuri mpaka kasoro zirekebishwe. Ijumaa ikapita na jicho la kulia la Rispah halikuguswa.

Mnafikiri alinishukuru? Jumamosi alikuja Buruburu, hakukaa.

"Umenifungia mlango nikiwa karibu kuona," akasema. "Wewe macho yako ni mazima. Ungeniacha nijaribu bahati yangu."

Nikamweleza vichupa. Akasema hakuna anayeweza kujua, labda kile cha kwanza kilikuwa chake. Nikamwambia ndiyo, labda, na hiyo "labda" ndiyo shida yenyewe. Akaondoka, na kwa karibu miezi miwili tulikaa pande mbili za kanisa, ananiona na kugeuza kichwa. Nimefanya ukaguzi miaka mingi na kutukanwa na wengi, lakini hiyo iliniuma. Nilikuwa nikifika nyumbani nalia, niseme ukweli.

Kisha kliniki ikaleta barua: kasoro zimerekebishwa. Nikaenda kukagua. Eh! Lebo zimechapishwa kwa mashine, majina matatu, nambari ya kitambulisho, tarehe, saa. Nzuri kuliko zetu za serikali. Trei ya mayai imetolewa. Kila kisanduku kwenye fomu yangu kilikuwa sawa, na mbinu yenyewe ilikuwa ileile, jicho lilelile, ushahidi uleule ambao haupo. Na mimi nikatia alama. Kwa mkono huu. Sheria ilinipa nguvu ya kumwadhibu kwa mwandiko mbaya, haikunipa nguvu ya kumzuia kupofusha watu kwa mwandiko mzuri. Wangefungua Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kwenye orodha iliyobandikwa mezani, jicho la kwanza lilikuwa la Mama Brayo wa Umoja.

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: mgonjwa alalamike kwa maandishi kwa ofisi ya madaktari, nao wakishayapiga muhuri malalamiko yake, sindano za macho zingesimama hadi kesi isikizwe. Nikameza kiburi changu nikaenda Kayole.

Nilimkuta Rispah ameinama juu ya cherehani, anapapasa mfuko wa shati aliokuwa ameushona mgongoni. Alinisikia kabla ya kuniona.

"Kaa chini, Mama Linda. Nimeshona shati la mtu mwenye kifua nyuma."

Tukacheka, na kicheko chake kikageuka kilio. Jicho la kushoto lilikuwa limezima, hata mwanga wa taa halikuona. Alikuwa ameenda mwenyewe hospitali ya macho, wakamwambia utando wa nyuma ya jicho umebanduka, na amechelewa. La kulia lilikuwa linaona kitambaa mchana, maandishi hapana. Nikamwambia habari ya yule wa Umoja na Alhamisi.

Akafuta uso kwa kitambaa cha sare. "Huyo mama huenda mafuta yake ndiyo yako ndani ya kichwa changu hapa. Si basi ni ndugu yangu?"

"Ni zaidi ya ndugu."

"Lakini nilishuhudia, Mama Linda. Nitarudi kusema nini? Watasema nilimdanganya Mungu."

"Mungu alikuwepo, alijua huoni. Ni sisi ndio tulipiga makofi."

Sikujua kama imemwingia. Jumapili nikamwona anainuka, anashika viti akienda mbele. Hakuomba kipaza sauti.

"Nilisimama hapa nikasema naona," akasema. "Sikuwa naona. Niliambiwa niseme, nikasema kwa sababu nilitaka iwe kweli. Bwana hakunidanganya. Na mimi sitaki mwingine adanganywe kwa mdomo wangu. Nisameheni."

Halafu mzee mmoja wa nyuma, anayetembelea fimbo, akasema kwa sauti, "Hata mimi, goti langu ni lilelile." Mama mwingine akaanza kulia. Pasta hakujua afanye nini, akaanzisha wimbo, tukaimba vibaya.

Mchana huo Rispah alitia sahihi malalamiko yake mezani kwangu. Jumatatu asubuhi niliyapeleka mwenyewe. Jumanne yalirudi. Juu kulikuwa na karatasi ndogo ya manjano: "Sahihi imetoka nje ya kisanduku. Irudiwe."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mwanamke amepofushwa jicho, amejivua nguo mbele ya kanisa lake, na mtu amemrudishia fomu kwa sababu mkono wake umepita mstari. Wanangu, mimi nimefanya kazi ya visanduku maisha yangu yote, na siku hiyo nilitamani kuvichoma moto.

Jumatano, siku moja kabla ya kliniki kufungua, nilimchukua Rispah tukaenda wote. Kaunta ya ofisi ile ni ndefu na ina kioo. Aliyekuwa nyuma ya kioo sasa ni mmoja wenu, amehamia kwetu, na atasoma haya. Sikutaji jina. Unajijua.

Nikapitisha fomu chini ya kioo. "Mwenyewe ameletwa," nikasema. "Muonyeshe."

Ulikuwa na adabu, sikatai. Ulisukuma kalamu na fomu mpya, ukasema, "Mama, tia sahihi hapa tu, ndani ya kisanduku."

Rispah akashika kalamu. Akainamisha uso hadi pua ikakaribia karatasi, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia. Akanyoosha kidole juu ya karatasi, kikawa kinatembea polepole, hakipati kitu.

"Mwanangu," akasema, "nishike mkono unionyeshe mstari uko wapi."

Hukumshika mkono. Ulivuta ile fomu ya kwanza, iliyopita mstari, ukaitazama muda, ukachukua muhuri wa kupokea malalamiko, ukaupiga.

Rispah akanigeukia. "Amepiga?"

"Amepiga."

"Mwambie apige tena," akasema. "Nataka kusikia."